FEDHA TASLIMU NYUMBANI: ZIWE KIASI GANI?



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, liko swali moja ambalo wanachama huliuliza pembeni, mkutano ukisha malizika na watu wakivaa viatu vyao. Nalo ni hili: mtu wa hali ya kati, asiye tajiri wala fakiri, yampasa awe na fedha ngapi mkononi ndani ya nyumba yake? Huulizwa kwa sauti ndogo, maana jirani hamwulizi jirani yake ana ngapi kashani, na aulizwaye aghlabu hujibu, "Hata kidogo, bwana, tunaishi kwa kudra."

Kwa kuwa swali haliulizwi hadharani, jibu lake pia halifundishwi. Kila mmoja hufuata alivyoona kwa baba yake. Wako wanaoweka mauzo yote ya msimu ndani ya nyumba, na wako wasiobakisha hata nauli ya gari. Wote wawili hupata hasara, kila mmoja kwa njia yake. Nimeona basi tulitazame jambo hili kwa hesabu, kama tunavyotazama gunia la karafuu juu ya mizani.

Fedha taslimu ni zipi?

Kwanza tuelewane katika maneno. Fedha taslimu ni noti na sarafu ambazo mtu aweza kuzitoa saa ile ile anapozihitaji, hata kama ni usiku wa manane. Karafuu zilizo ghalani ni mali, lakini si fedha taslimu. Ng'ombe ni mali, na deni unalomdai mwenzio ni mali pia, likilipwa. Fedha zilizo benki ni zako, lakini Ijumaa usiku huwezi kuzifikia ikiwa tawi liko mjini na wewe uko shamba. Fedha zilizomo katika simu zakaribia kuwa taslimu, ila zinahitaji mambo matatu: simu iwe na chaji, mtandao uwepo, na wakala awe na noti za kukupa. Moja likikosekana, fedha zako zimefungwa.

Mwenye mshahara na mwenye mikarafuu

Karani wa ofisi hupata mshahara kila mwezi. Akijua matumizi yake ya siku thelathini, amejua karibu kila kitu. Sisi hali yetu si hiyo. Mkarafuu hauna tarehe. Mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, na mwaka unaofuata mtu akazunguka shamba zima asipate wa kujaza pakacha. Fedha hutujia kwa mafungu makubwa, kisha hukauka kwa miezi mingi. Na ubaya wake ni kwamba zinapokaribia kutujia, ndipo tunapozihitaji zaidi, maana lazima tulipe wachumaji kabla hatujauza.

Kwa sababu hiyo, mkulima akimwiga mwenye mshahara atakosea. Atasema, "Nimebakiwa na kiasi fulani, chanitosha mwezi." Swali lake lingekuwa hili: "Ni siku ngapi zitapita kabla ya fedha nyingine kuingia, na kila siku moja yataka kiasi gani?" Fedha za nyumbani hupimwa kwa siku kwanza, ndipo zikahesabiwa kwa shilingi. Mwanachama akilishika neno hili moja katika makala haya, imetosha.

Mafungu matatu

Nashauri kila nyumba igawe fedha zake taslimu katika mafungu matatu, yasichanganywe.

Fungu la kwanza ni la matumizi ya kila siku: samaki, mchele, mkate, mafuta ya kupikia, umeme, nauli ya watoto wa skuli, na vitu vidogo vya dukani. Liwe la wiki moja. Likizidi wiki moja, huanza kutumika kwa mambo yasiyo na haja, maana noti iliyo karibu na mkono huitwa na kila mpita njia.

Fungu la pili ni la dharura. Mgonjwa wa usiku, maiti ya jamaa iliyo kisiwa cha pili, dhoruba iliyochukua mabati, umeme uliokatika na wakala aliyefunga duka. Hili haliguswi kwa jambo lo lote ambalo laweza kungoja mpaka asubuhi.

Fungu la tatu ni la msimu. Hili halikai nyumbani mwaka mzima. Huingia siku chache kabla ya kuanza kuchuma, na hutoka kidogo kidogo mpaka likaisha, au likarudishwa benki karafuu zilipouzwa. Ni la wachumaji, chakula chao, magunia, na gari la kupelekea karafuu kituoni.

Hesabu ya mfano

Tuchukue nyumba moja ya mfano, kila mwanachama aweke hesabu yake badala ya hii. Tuseme ni nyumba ya watu saba, na matumizi yake ni shilingi 20,000 kwa siku. Fungu la kwanza, la siku saba, ni shilingi 140,000.

Fungu la dharura tuliwekee matumizi ya wiki moja nyingine, yaani 140,000, kisha tuongeze gari la usiku la kumpeleka mgonjwa hospitali na nauli ya watu wawili kuvuka bahari, tuseme 110,000. Jumla ya fungu la pili ni shilingi 250,000.

Kwa hivyo nje ya msimu nyumba hii yahitaji shilingi 390,000. Tuseme laki nne, na sarafu za kununulia mkate. Si fedha nyingi kama wengi wanavyodhani, wala si chache kiasi cha kudharauliwa.

Sasa tuingie msimu. Tuseme nyumba hii ina sehemu ya shamba la eka tatu, na mikarafuu yake mwaka huu yatazamiwa kutoa kilo 150 za karafuu kavu. Kila mkulima ajua kwamba karafuu mbichi hupungua sana zikikauka. Kwa hesabu ya jumla, kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu. Basi kilo 150 kavu zataka kuchumwa kilo 450 mbichi. Uchumaji ukichukua siku ishirini, kila siku zachumwa kilo 22 na nusu. Mchumaji akilipwa, tuseme, shilingi 1,500 kwa kilo mbichi, malipo ya siku moja ni shilingi 33,750, na ya msimu wote ni shilingi 675,000.

Je, yapasa mkulima awe na laki sita na sabini na tano nyumbani kabla hajapanda mtu juu ya mti? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bure. Karafuu za siku nne za mwanzo, zikisha chambuliwa na kuanikwa kwenye jua zuri, huwa zimekauka kwa muda wa siku tano hivi. Siku ya kumi zaweza kupelekwa kituoni. Siku nne hizo ni kilo 90 mbichi, yaani kilo 30 kavu. Tukitumia bei ya shilingi 14,000 kwa kilo kwa mfano, hizo ni shilingi 420,000, nazo zatosha kulipa wachumaji wa siku kumi zilizobaki na kuzidi.

Kwa hivyo haja ya kweli ya mkulima ni kuvuka siku kumi tu, za kutoka malipo ya kwanza ya mchumaji mpaka mauzo ya kwanza. Siku kumi kwa shilingi 33,750 ni shilingi 337,500. Tukiongeza shilingi 62,500 za chakula, magunia na gari, fungu la tatu ni shilingi 400,000. Pamoja na mafungu mawili ya kwanza, nyumba hii itakuwa na kama laki nane siku ya kwanza ya kuchuma, na baada ya hapo zitashuka kila siku.

Lakini mvua je? Karafuu za vuli na mawingu ni marafiki wa zamani. Jua likijificha siku tano, mauzo ya kwanza yatakuwa siku ya kumi na tano badala ya kumi, na karafuu zilizo mtini hazingoji. Kikonyo kilichoiva kisipochumwa hufunguka ua, na thamani yake huondoka. Mkulima atakayeendelea kuchuma atahitaji shilingi 168,750 zaidi. Si lazima hizi zikae nyumbani, ila ni lazima ajue mapema atazitoa wapi: katika simu, katika benki, au kwa ndugu aliyekwisha kubali.

Hasara ya kukosa fedha

Tutazame sasa mtu asiye na laki tatu na kitu za kuvukia siku zile kumi. Wachumaji hawangoji, nao wana watoto. Basi jioni huja mtu na mizani yake, akanunua karafuu mbichi pale pale chini ya mti. Tuseme hutoa shilingi 3,000 kwa kilo mbichi. Mkulima huona noti mkononi, akafurahi. Lakini kilo tatu mbichi kwa bei hiyo ni shilingi 9,000, na kilo tatu zile zile zikikauka ni kilo moja ya shilingi 14,000. Katika kilo 90 za siku nne za mwanzo, amepata 270,000 badala ya 420,000. Amepoteza shilingi 150,000 kwa kukosa kuvumilia siku kumi. Hapana mkopeshaji wa halali awezaye kumtoza mtu kiasi hicho kwa siku kumi.

Mwingine hukodisha mikarafuu ingali na vikonyo vidogo, miezi kabla ya kuchuma, kwa kuwa ana arusi au ada ya skuli. Mkodishaji hujihadhari asije akapata hasara, kwa hivyo hutoa bei ya chini. Mwingine huanua karafuu kabla hazijakauka sawasawa, akazipeleka kituoni zingali na unyevu, akarudishwa nazo au akashushwa daraja. Ukiwauliza wote hawa, watakwambia shida yao ni bei. Lakini ukipekua vizuri utaona kwamba bei ni ile ile kwa wote, ila wao walikosa fedha taslimu siku chache kabla ya kuifikia bei hiyo.

Jambo hili si geni katika visiwa hivi. Wazee wetu walijua habari za rehani, na za kuuza shamba kwa sharti kwamba mwenyewe akirudisha fedha atarejeshewa. Wengi hawakuweza kurudisha. Kufika miaka ya 1930 mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa kwa madeni, hata serikali ya wakati ule mwaka 1934 ikapitisha sheria za kuzuia ardhi isiondoke mikononi mwa wenyewe kwa sababu ya deni. Madeni hayo hayakuanza kwa maelfu. Mengi yalianza kwa fedha ndogo ya kulipa wachumaji au kununua chakula wakati wa kungoja msimu.

Siku umeme ulipokatika

Katika miaka hii watu wengi, khasa vijana, husema kwamba fedha za mkononi zimekwisha kazi, kwa kuwa kila kitu kimo katika simu. Ni kweli kwamba simu imetupunguzia taabu kubwa. Mtoto aliye Dar es Salaam hutuma fedha asubuhi, na mama yake aliye Micheweni akazipokea kabla chai haijapoa. Lakini na tukumbuke yaliyotupata.

Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika Unguja, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme itokayo bara kwa waya wa chini ya bahari, na haukurudi mpaka Machi 2010, yaani muda wa miezi mitatu. Maji yalikosekana kwa kuwa pampu hazikufanya kazi, na watu walinunua maji, mishumaa, mafuta ya taa na ya jenereta. Muuza maji mwenye gari la kusukuma alitaka noti mkononi. Na mwezi wa Mei 2024 waya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwamo.

Mambo haya hayatupati sisi peke yetu. Aprili 28, 2025 umeme ulikatika Hispania na Ureno kwa saa nyingi, na watu waliozoea kulipa kwa kadi wakajikuta hawawezi kununua hata chupa ya maji, ila yule aliyekuwa na noti mfukoni. Mwezi uliofuata, benki kuu ya Uholanzi iliwashauri wananchi wa nchi ile, ambao wengi wao hawashiki noti kwa wiki nzima, waweke nyumbani fedha taslimu za kutosha siku tatu: yuro 70 kwa kila mtu mzima na yuro 30 kwa kila mtoto. Nyumba ya watu wazima wawili na watoto watatu ingeweka yuro 230. Tazama jinsi walivyopiga hesabu. Walihesabu siku kwanza, kisha vichwa, kisha maji, chakula, dawa na nauli. Ndiyo hesabu yetu ya fungu la dharura, ila wao wameweka siku tatu, na mimi nimeshauri saba, kwa sababu sisi tumezungukwa na bahari na tumekwisha ona miezi mitatu ya giza.

Hasara ya kuzidisha

Tugeuke sasa upande wa pili. Wazee walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa akiba, lakini noti huoza. Mchwa huzila, unyevu huzigandisha, panya huzifanya tandiko, na moto wa makuti haubagui. Na mwizi hajui nyumba ya nani ina fedha mpaka aambiwe. Aghlabu huambiwa na maneno yetu wenyewe, siku tulipotoka kituoni kwa furaha.

Zaidi ya hayo, fedha hubadilishwa. Babu zetu waliweka reale, nazo zilikuwa fedha ya kweli, zikiyeyushwa zilibaki na thamani. Baadaye ilikuja rupia ya Zanzibar, na mwaka 1936 ikaondolewa, ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, kila rupia kwa shilingi moja na nusu. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Kila mara palikuwa na muda wa kubadilisha, na kila mara walikuwapo waliochelewa. Jirani zetu wa Kenya walitangaziwa Juni 1, 2019 kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakwisha kazi ifikapo mwisho wa Septemba mwaka ule. Muda ulipokwisha, noti zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 7 za Kenya zilikuwa hazijarudishwa. Zikawa karatasi tu.

Na kwetu je? Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuondoa noti za matoleo ya zamani, za mwaka 1985 mpaka 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010. Watu walipewa muda kutoka Januari 6 mpaka Aprili 5, 2025 kuzipeleka benki wabadilishiwe. Tangazo lilisomwa redioni na likapita katika simu. Lakini shangazi yangu, mzee mwenye shamba dogo, redio yake iliharibika na simu yake ni ya kupokelea tu. Mwezi wa Juni mwaka ule, mjukuu wake alipokuwa akisafisha kasha, akakuta kitambaa kilichofungwa mafundo matatu, na ndani yake noti za shilingi elfu kumi za toleo la zamani, jumla yake laki sita. Zilikuwa za karafuu alizouza miaka mingi nyuma, naye alizitenga kwa ajili ya sanda na mazishi yake, asimsumbue mtu. Nilimwambia mimi mwenyewe. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi nitazikwa na nyinyi." Tulicheka, lakini hakuna aliyefurahi.

Shangazi hakuwa mjinga wala mbadhirifu. Alifanya alivyofunzwa. Kosa lilikuwa moja, kwamba fedha zilizokusudiwa kukaa miaka mingi aliziweka mahali pa fedha za wiki moja.

Tena iko hasara nyingine ndogo ambayo haionekani. Bei za vitu hupanda. Katika miaka ya karibuni kupanda kumekuwa kwa kiasi cha 3 au 4 kwa mia kwa mwaka. Mtu aliyeweka shilingi milioni moja kashani mwaka mzima, mwishoni atanunulia vitu pungufu ya vile vya mwanzo kwa kiasi cha shilingi 30,000 na zaidi. Hiyo yaweza kuvumilika. Lakini walioishi miaka ya 1980 wakumbuka wakati bei zilipokuwa zikipanda karibu 30 kwa mia kila mwaka. Kwa mwendo huo, fedha zilizolala miaka mitatu hununua chini ya nusu ya vitu vya mwanzo, na noti ni zile zile, hazikupungua hata moja.

Mwisho wa hasara hizi ni mkono wa jamaa. Mwenye fedha nyingi nyumbani hawezi kusema "sina" kwa moyo safi. Atakopwa na mpwa, atakopwa na rafiki, na heshima itamzuia kudai. Fedha ikiwa benki, husema "mpaka niende mjini," na nusu ya waombaji hupata njia nyingine kabla ya kesho.

Zilizozidi ziende wapi?

Fungu la kwanza na la pili zikae nyumbani. La tatu lije nyumbani kwa wakati wake. Kilichozidi kisilale kashani.

Benki ni mahali pa kwanza. Wanaoogopa kwamba benki yaweza kuanguka na wajue kwamba Tanzania iko Bodi ya Bima ya Amana, ambayo humlipa mwenye amana ikiwa benki imeshindwa, mpaka kiwango cha shilingi 7,500,000. Kwa wengi wetu, hicho chatosha kufunika akiba yote. Wasiopenda riba na waulize benki zao juu ya hesabu zinazofuata taratibu za Kiislamu.

Simu ni mahali pazuri pa fedha za njiani, yaani zile zitakazohitajika baada ya siku chache, kama zile za mvua tulizozitaja. Lakini namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu, wala isipewe wakala, hata akiwa kijana mpole namna gani.

Vikundi vya kuweka na kukopa, na michezo ya upatu ya kina mama, hufanya kazi njema, khasa vinapopangwa kufuata msimu. Kikundi kinachotoa mkopo mwanzoni mwa kuchuma na kurudishiwa baada ya mauzo ya kwanza kimewafanyia wanachama wake jambo ambalo mnunuzi wa karafuu mbichi hawezi kulifanya. Ila daftari liwe wazi, na kasha la kikundi lisikae na fedha nyingi kwa sababu zile zile tulizozitaja.

Nani ajue?

Naomba nigusie jambo ambalo watu hulikwepa. Mwanamume mwenye nyumba huweka fedha mahali, asimwambie mtu. Siku akifikwa na mauti, au akapooza ulimi, fedha zile hupotea, au hupatikana na mtu asiyestahiki. Mjane huomba michango ya mazishi, na juu ya dari mna laki tano. Warithi hudhulumiana kwa kukisia. Kwa hivyo watu wawili wajue, mume na mke, au mzazi na mtoto mkubwa aliye mwaminifu. Wajue mahali, na wajue kiasi. Na deni tunalodaiwa liandikwe pamoja na fedha tulizo nazo, maana mirathi hairithiwi mpaka deni lilipwe. Kadhalika, fedha iliyofika kiwango na kukaa mwaka ina haki yake ya zaka. Kwa hesabu hiyo na waulizwe masheikh, lakini asiyejua anacho kiasi gani hawezi hata kuuliza.

Mambo ya kufanya

Kwa ufupi, mwanachama afanye haya:

1. Aandike matumizi ya nyumba yake kwa siku saba, kila kitu, hata mkate na nauli. Jumla ndiyo fungu lake la kwanza.

2. Atenge fungu la dharura la wiki moja nyingine, pamoja na gharama ya gari la usiku na ya kuvuka bahari. Liwe na noti ndogo ndogo, maana siku ya shida hapana mwenye chenji.

3. Kabla ya msimu, ahesabu siku za kutoka kuchuma mpaka kuuza, azizidishe kwa malipo ya siku moja, aweke tayari fedha hizo. Na ajue mapema atakopata nyongeza mvua ikinyesha.

4. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, atoe noti zote zilizo nyumbani, azihesabu mbele ya mwenzake, azitazame kama ni za toleo linalotumika, na zilizochakaa azipeleke benki. Awaulize pia wazee walio katika nyumba yake kwa upole kama wana kitambaa mahali, maana wao ndio wasiosikia matangazo.

5. Baada ya mauzo ya mwisho, abakishe mafungu mawili tu. Kilichobaki kitoke nyumbani kabla wiki haijaisha.

Huenda mwanachama mmoja akasema, "Hesabu hizi ni za watu wenye fedha. Mimi sina hizo laki nne." Nami namjibu kwamba hesabu hii imeandikwa khasa kwa ajili yake. Mwenye nyingi akikosea, hupoteza kidogo katika nyingi. Mwenye chache akikosea siku zile kumi, hupoteza msimu. Asiye na laki nne na aanze kwa elfu ishirini, siku moja ya fungu la dharura. Mwezi ujao aongeze siku ya pili. Akifika siku saba atakuwa amevuka mahali ambapo wengi wetu tulikwama, na mtu mwenye mizani chini ya mti atakapokuja jioni, ataweza kumwambia kwa adabu, "Ahsante bwana, karafuu zangu bado ziko juani."